Noti Mbili

Candiru, albamu yako imenifikia dukani
ndani ya bahasha ya kaki, bila barua,
jina lako juu yake peke yake,
pasipo Chuma Chakavu, pasipo mimi.
Nimeicheza kwa spika niliyoing'oa kwenye redio ya mteja
aliyehama Walukuba bila kulipa.

Miaka kumi na mmoja ulisimama kushoto kwangu,
nusu hatua nyuma, karibu na ngoma,
mimi mbele, goti moja chini, nikichana anga.
Nilizoea kusema, na baa nzima ikicheka:
besi ni kama friji,
huisikii mpaka izimike.
Sasa mimi ni fundi wa friji. Mungu ana masikio.

Nakumbuka wimbo wako wa kwanza.
Beti tisa! Moto, minyororo, damu, mbwa mwitu,
vyote vya kuazima, kwa Kiingereza cha kuazima,
nawe mbwa uliyemjua ni yule wa mwenye nyumba.
Nilikurudishia karatasi ina duara la glasi ya bia.
"Shika nyuzi zako nne," nikasema.
Ukazishika.
Mpya hukununua, nani angemudu?
Ulizichemsha kwenye sufuria ya maharage ya mama yako,
zikatoka na mlio wa kengele
na harufu ya kitunguu iliyokaa vidoleni hadi Jumapili.

Sikujua kwamba ulikuwa ukichemsha na maneno.

Maana hapa, wimbo wa tatu, yupo mama yako
anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani,
pamba nyweleni; kila asubuhi ni bibi kizee,
akishanawa anakuwa kijana tena.
Beti mbili tu. Kisha besi
inatembea peke yake barabarani, viatu mkononi,
isije ikaamsha watoto.

Na umeimba Kiswahili chetu,
kile cha foleni ya bomba,
Mlugbara akikopa sabuni kwa Msamia,
kile ambacho watu wa Kampala wakikisikia
hufunga mlango, wakidhani ni askari au mwizi.
Hukukinyoosha. Hukukivisha tai.
Umekiacha na magoti yake yenye vumbi.

Kwa ajili ya wimbo wa saba ulinipigia simu.
Nikaja na gitaa, pedali sita, na solo
niliyoifanyia mazoezi wiki mbili kati ya friji mbovu.
Magodoro ukutani, joto la kuoka mihogo,
wewe na miwani, ukifuta neno daftarini
kwa kifutio cha mwanao.
Nililiona hilo neno: "milele".
Ukaniambia, nataka noti mbili.
Hii, baada ya "mlango".
Na hii; usiizime, iache ife yenyewe.
Nikacheka. Hukucheka.
Nikapiga. Ukasema tena, pole zaidi,
kama mtu anayeweka ufunguo mezani na hatarudi.
Mara kumi na saba, Candiru!
Kisha ukanilipa, elfu kumi na elfu kumi,
noti mbili kwa noti mbili,
nikaondoka nimenuna mpaka stendi, nikapita stendi.

Leo nimezisikia.
Ya kwanza inafika ikiwa imechelewa kidogo,
ndivyo habari zinavyofika.
Ya pili inakufa taratibu, na chini yake besi
imeishika kiwiko, kama unavyomshika mgonjwa
akishuka ngazi za hospitali.
Niliirudia mara ngapi, usiniulize.

Wimbo wa tano bado mrefu. Nakwambia
kwa sababu najua hutauliza.

Katikati ya wa tisa umeme ukakatika.
Sisi hawa, tunaolala mlangoni pa bwawa!
Friji zote dukani zikanyamaza kwa mpigo,
na mama mmoja aliyeleta la kwake tangu Jumatatu
akachungulia: "Fundi, limekufa?"
Vidole vyangu vilikuwa bado mezani
vinaendeleza ile besi yako, bila kuniomba ruhusa.
Ngoja, nikamwambia.
Ngoja kwanza. Haijaisha.